Hofu ya Papa Eliane

Grégoire alikuwa mwoga wa mashimo. Nalisema mapema kabisa, msije mkanilaumu baadaye kwamba niliwaficha, maana yeye mwenyewe aliwaficha watu kwa miaka. Na kazi yake, hebu fikiria, ilikuwa mashimo hayo hayo: visima, vyoo, mashimo ya taka. Pale Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, kuanzia Base Camp hadi vijiji vya mwisho vya kambi, aliyetaka choo kirefu kisichojaa upesi alimtafuta Papa Eliane. Ndivyo walivyomwita, kwa jina la binti yake wa kwanza, kama watu wa Kivu ya Kusini wanavyomwita mtu mzima wanayemheshimu.

Utaniuliza, mwoga wa mashimo anachimbaje? Hachimbi! Anachimbisha. Grégoire alikaa juu. Ndoo ya udongo ikipanda, aliuponda udongo vidoleni, akaunusa, akasema hapa pana jiwe, hapa ongezeni upana, hapa maji yako karibu. Halafu alikuwa na mdomo huo! Utani, nyimbo za kwaya, visa vya jirani yake aliyefukuzwa na bata. Mtu akiwa chini kwenye giza anamsikia chefu wake, mkubwa wa kazi, anacheka juu, basi naye anacheka, na sururu inaendelea. Watu wake walidhani hashuki kwa sababu yeye ni mkubwa, na mkubwa hashuki. Aliwaacha wadhani hivyo.

Hofu yenyewe aliitoa kwao. Kabla ya vita, kijana bado, alichimba dhahabu katika milima ya Fizi. Siku moja ardhi iliwafunika watatu. Wenzake wawili, mmoja kushoto na mmoja kulia, aliwasikia wakipumua. Baadaye akawasikia hawapumui. Yeye walimfukua akiwa hai, akaapa kwamba hataingia tena ndani ya ardhi mpaka siku ya kuzikwa. Akarudi kulima, akamwoa Apolline, vita vikaja, wakakimbia, wakapita kwingi ambako hata leo hawapendi kukusimulia, na mwaka 2002 wakapewa kiwanja Nakivale chenye mawe mengi kuliko udongo. Mahindi yalitoka mafupi, ya njano. Watoto wanataka kula. Siku mtu alipopita akiuliza nani anajua mambo ya kuchimba, Apolline alimtazama mumewe. Ni yeye peke yake aliyejua kwa nini mwanamume huyo hakubali kulala mlango ukiwa umefungwa.

Basi akaunda kikundi chake, ekipi kama walivyoiita. Emery alikuwa kijana wa Uvira, mwembamba na mwepesi. Ndiye aliyeshuka mara nyingi kuliko wote. Gisèle, mke wa Emery, alipokea ndoo juu, akamwaga udongo na kuwapikia. Laurent, shemasi wa kanisa lao, mtu wa maneno machache, alipokezana na Emery chini. Ndayambaje, Mrundi mwenye mabega kama mlango wa stoo, alizungusha gogo la kamba lililowashusha na kuwapandisha. Miaka kadhaa walifanya kazi hivyo, wakichekeshwa, na hakuna aliyevunjika hata kidole.

Mwaka 2009, mvua za Oktoba zikianza, ikaja habari mbaya. Ng'ambo ya pili ya kambi kikundi kingine kilimpoteza mtu kwenye choo kifupi tu, ukuta ulimwangukia. Siku ya pili baada ya mazishi, ekipi ya Grégoire ilifika kazini na hakuna aliyeigusa kamba. Ndayambaje alisema afadhali arudi kwenye shamba lake la mawe, mawe hayamfukii mtu. Laurent akawa anakagua viatu vyake kana kwamba ni vipya. Grégoire naye aliogopa kuwashinda wote. Akafanya lile alilolijua. Alicheka.

"Muko munatazama hii shimo kama vile ni simba," akawaambia. "Kuyeni karibu, tuifundishe adabu."

Akawasogeza wote mdomoni mwa shimo, vidole vya miguu ukingoni kabisa, akawashikisha mikono kulizunguka duara, akawaambia wafumbe macho. Kisha akaomba kwa sauti kubwa, akilielekezea shimo lenyewe maneno, akilikemea kwa jina la Yesu lisimguse mtoto wa mtu. Mwangwi ulirudi kutoka chini kana kwamba shimo linaitikia amina. Wakaimba wimbo mmoja. Walipofumbua macho nyuso zilikuwa zimefunguka, na Emery mwenyewe ndiye aliyeivuta kamba, akashuka. Tangu siku ile duara likawa desturi. Bila duara hakuna kazi.

Sasa hapa nitasema jambo linaloniudhi hadi leo. Grégoire alijua! Kule Fizi sheria ya kwanza anayofundishwa mgeni ni kwamba mdomo wa shimo ni wa mtu mmoja. Wakisimama wawili, aliye chini anawaporomoshea matusi ya nguoni mpaka mmoja aondoke, kwa sababu ukingo ndio unaokatika, na unakatika kwa uzito wa watu. Alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Lakini aliona jinsi duara lilivyowapa watu moyo, na yeye moyo wa kuwapa wengine ulikuwa umemwishia, anaukopa kila asubuhi. Akajiambia udongo wa huku ni mgumu. Akajiambia tena kwamba wakati wa sala hakuna mtu chini. Hilo la pili lilikuwa kweli, na alilishikilia.

Mwezi huo huo wakapata kazi mjini Mbarara. Sajini mstaafu mmoja, Meddy, alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha nyuma ya kambi ya jeshi ya Makenke. Vyumba vilikwisha, hata milango ilifika, mipya, mizito, imeegemezwa ukutani ikisubiri fundi. Choo tu ndicho kilichokosekana, na wake za askari waliokwisha kukubaliana naye walitaka kuhamia mwisho wa mwezi. Ekipi ikalala ndani ya vyumba hivyo hivyo, Grégoire kwenye kile cha mwisho, mlangoni, mlango wenyewe haujawekwa. Asubuhi tarumbeta ya kambini inalia, Meddy anatokea na kofia yake, anasimama kando ya kazi mikono nyuma kama anakagua gwaride.

"Nyinyi Wakongo nachimba muzuri," aliwaambia siku ya kwanza. "Lakini polepole hapana. Hapa iko jeshi. Jeshi haogopi, haichoki."

"Ndiyo, afande," Grégoire alijibu, "na siye ekipi yetu haichoki. Inasikia njaa tu." Wakacheka wote, hata Meddy.

Kwa siku kadhaa udongo ulikuwa mwekundu, mkavu, unaotoka kwa mabonge. Halafu alasiri moja ndoo ikapanda na kitu kingine. Mchanga wa kijivu, una maji. Grégoire aliukamata kiganjani na ukamtoka kati ya vidole wenyewe, bila kuulizwa. Mchanga kama huo hausimami. Unaweza kukaa kimya siku nzima kisha ukamwagika, na ule udongo mgumu wa juu yake unabaki unaning'inia bila kitu cha kukalia. Akamwita Meddy pembeni.

"Afande, tunaomba mbao. Tuzuie kuta huko chini."

"Mbao? Ya choo?" Meddy akamtazama. "Wewe naogopa?"

Mtu mwingine angesema ndiyo, yakaisha. Grégoire aligeuza shingo, akawaona Laurent na Ndayambaje wametega masikio, na Gisèle ameshika ndoo hewani hajaimwaga. Akaona akisema ndiyo hapo, kesho hatakuwa na ekipi.

"Nani, miye?" akacheka. "Apana, afande. Ni ju ya kazi iwe ya kupendeza tu."

"Basi kesho tutaona," alisema Meddy.

Jioni Emery alipopanda, alioga kimya. Si kawaida yake. Grégoire akamuuliza kule chini kukoje. Emery alimtazama Laurent, na Laurent ndiye aliyejibu, "Ni muzuri, Papa Eliane." Grégoire aliuona ule mtazamo. Aliuona vizuri sana. Akauacha upite, akaanzisha kisa cha bata, wakacheka kwa nguvu kuliko kisa chenyewe kilivyostahili.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi shimo lina maji chini, anga nzito, ukingo umelowa na unateleza. Meddy alifika kabla hawajakusanyika, amekasirika na mvua kana kwamba ni kuruta aliyechelewa.

"Toa maji! Sasa hivi! Mwezi nakwisha, nyinyi nalala!"

Emery hakusubiri. Alikuwa mtu wa kutaka kila mtu afurahi. Alikaa kwenye kitanzi, Ndayambaje akamshusha, na kabla Grégoire hajatoka chumbani na koti lake kijana alikuwa chini, anajaza ndoo.

"Hatujaomba," Laurent alisema. "Papa Eliane, ameshuka bila sala."

Grégoire alitazama kamba iliyonyooka kuingia shimoni. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu: mpandishe. Neno fupi namna hiyo! Lakini Meddy amesimama pale anamtazama, Gisèle uso umemparara, Ndayambaje anaramba midomo, na yeye akaona woga unawashika wote kwa mara moja, akashikwa na haraka ya kuuondoa.

"Basi tutamuombea akiwa humo humo," akasema. "Itakuwa na nguvu zaidi. Kuyeni."

Wakaja. Ndayambaje alilifunga gogo la kamba lisizunguke. Wakasimama wanne ukingoni, wakashikana mikono, wakafumba macho. Meddy mwenyewe, kwa heshima ya sala, alivua kofia. Grégoire akaanza kuomba, na kutoka chini Emery akaitikia, sauti yake ikipanda pamoja na mlio wa maji. Amina, amina. Hapo ndipo nyayo za Grégoire zilipolisikia, kabla ya masikio. Ardhi ilitikisika kidogo, kama ngozi ya ng'ombe anayemfukuza nzi. Nyayo zake zililijua jambo hilo tangu Fizi.

"Rudini!" alipiga kelele, lakini upande wa Laurent ulikwisha kukatika.

Laurent alizama hadi kiunoni, akabaki ananing'inia mkononi mwa Ndayambaje, na Ndayambaje akamtupa nyuma kama mzigo. Udongo ukashuka. Mshindo wake haukuwa mkubwa, na huo ndio ubaya wake. Ulikuwa mzito tu, mfupi, halafu kimya. Gisèle aliliita jina la mumewe mara moja.

Wakasubiri. Jamani, kusubiri kule! Grégoire alikuwa amelala kifudifudi juu ya kipande cha ubao wa waashi alichokisukuma ukingoni, kichwa chake shimoni, haoni kitu ila giza na vumbi la maji. Akasikia mtu anapumua. Akangoja asikie hapumui.

"Papa Eliane," sauti ikatoka chini, nyembamba kama ya mtoto. "Siwezi kutikisika. Imefika hapa kwenye kwapa."

Meddy alikuwa mtu wa vitendo, hilo tumpe. Alikwisha kuishika kamba. "Tunavuta! Naita maaskari, tunavuta yeye!"

"Apana!" Grégoire aliruka akamkamata mkono, yeye mkimbizi akamkamata sajini mkono. "Ukivuta unamukata. Udongo umemushika miguu. Lazima mutu ashuke amufukue polepole, na tuzuie kuta."

Mtu ashuke. Alipolisema neno hilo akalisikia mwenyewe. Ndayambaje ni mpana mno. Laurent amekaa chini, ameshika kifundo cha mguu, mguu umegeuka. Gisèle alikwisha kufunga kitenge chake kiunoni na alikuwa anakipandisha kitanzi, ambacho Emery alikuwa amekiachia.

"Miye nashuka," Gisèle alisema. "Ni bwana yangu."

Grégoire akakitwaa kitanzi mikononi mwake. Miguu yake ilikuwa inacheza, kila mtu aliiona inacheza, hakukuwa na namna ya kuificha. Akajaribu kucheka na kicheko hakikutoka.

"Gisèle," akasema, "niko naogopa."

Wote wakamtazama.

"Niko naogopa sana. Tangu Fizi. Shimo ilitufunika, batu wawili bakafia pembeni yangu. Sijashuka tena hata siku moja, na siyo ju ya ukubwa. Ni woga." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini weye hujui kufukua mutu. Miye najua, nilifukuliwa. Afande, leta milango."

"Milango gani?"

"Ile yako mipya. Yote."

Meddy aliigeukia milango yake, ikawa kama anataka kusema kitu, halafu akaikimbilia, akaubeba wa kwanza mwenyewe mgongoni.

Grégoire akakaa kwenye kitanzi. Aliwaambia wasisogee ukingoni hata mmoja, Gisèle peke yake alale juu ya ubao awe anapokea maneno. Ndayambaje akaanza kumshusha. Mwanga ukawa mdogo. Harufu ile ikaja, harufu ya ardhi mbichi iliyofunguliwa. Alitaka kuita wamrudishe. Alifungua mdomo kabisa amwite Ndayambaje, na badala ya sauti ikatoka haja ndogo, ya moto, ikamtiririka miguu yote, asiweze kuizuia. Mwanamume wa watoto watano!

Kutoka chini Emery akasema, "Papa Eliane, mvua inaanza tena?"

Grégoire akaning'inia pale kwenye kamba.

"Siyo mvua," akajibu. "Ni miye."

"Najua," alisema Emery. "Ni ya moto." Halafu kijana yule, amefukiwa hadi kwapani, pumzi yake fupi kama ya mbwa, akaanza kucheka kidogo kidogo, kwa uangalifu, kwa sababu kifua hakikuwa na nafasi. "Kuya, Papa Eliane. Usiogope. Kuya polepole, niko hapa. Mguu yako ya kushoto, weka hapa kwa bega yangu. Ndiyo. Umefika."

Yule aliyefukiwa ndiye aliyemfikisha mfukuaji. Grégoire alipiga magoti kwenye tope mbele ya kifua cha Emery, uso kwa uso, karibu kama ndugu wawili wanaolala kitanda kimoja, akaanza kuchota kwa mikono. Sururu haiwezi hapo, wala chepe. Mikono na ndoo. Mlango wa kwanza ukashuka umefungwa kamba, akausimamisha kwenye ukuta wa kijivu. Wa pili akausimamisha ng'ambo, akaukaza kwa gongo katikati. Nyuma ya milango mchanga uliendelea kunong'ona, unachuruzika, unaacha, unachuruzika. Kila ulipochuruzika mikono yake iliganda, na kila ilipoganda Emery alimsemesha.

"Endelea. Niambie Mama Eliane alipika nini siku ya Mungu."

"Sikumbuki."

"Kumbuka."

"Sombe," alisema Grégoire. "Sombe na samaki." Machozi yalikuwa yanamtoka na makamasi pamoja, naye hakuwa na mkono safi wa kufutia.

Kifua kilipopata nafasi Emery akavuta pumzi ndefu, ikamuumiza, akalia kwa maumivu. Kisha akatulia. Hakumtazama Grégoire alipoyasema haya.

"Papa Eliane. Jana mangaribi muchanga ulianguka. Mingi. Ulinifikia hapa kwa magoti. Nilimwambia Laurent."

Mikono ya Grégoire ilisimama.

"Ju ya nini hamukuniambia?"

"Tuliona uko na furaha," Emery alisema. "Unacheka, unaimba. Laurent akasema, tukimwambia tutamuvunja moyo, na siye bote tunategemea moyo yake. Tukakubaliana tusiseme."

Grégoire alibaki na konzi ya mchanga mkononi. Miaka yote ile alijiona yeye ndiye anayewabeba. Kumbe walikuwa wanajikaza kisabuni kwa ajili yake, kila mmoja na hofu yake mfukoni, wanamchekea ili asife moyo, na yeye anawachekea wao, na katikati ya vicheko hivyo hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba ukuta unaanguka. Nusura wamzike kijana kwa heshima na adabu.

"Papa Eliane," Emery alisema, "chota."

Akachota. Walipomtoa mguu wa mwisho, kiatu kilibaki. Emery alipanda kwanza, amefungwa kwenye kitanzi, na kutoka chini Grégoire aliona duara la mwanga linazibwa na mwili wake, giza tupu, kisha linafunguka tena. Hapo alikuwa peke yake ndani ya ardhi na alipiga mayowe. Sitaki mdhani alikuwa shujaa. Alipiga mayowe mpaka kamba iliporudi.

Alipofika juu suruali imelowa, uso wote tope, hakuna aliyecheka. Gisèle alikuwa amemkumbatia mumewe chini kwenye matope, na mkono mmoja akaunyoosha, akamshika Grégoire upindo wa suruali, akaushikilia. Meddy alilala juu ya ubao akatazama shimoni. Akainuka.

"Banange, jamani," akasema polepole. "Mimi hapa siingii. Hata kwa amri."

Emery alivunjika mbavu mbili, hakufa. Shimo la Makenke walilifukia na milango yake humo ndani. Meddy hakuidai, akatafuta sehemu nyingine ya kiwanja, wapangaji wake wakasubiri. Na Grégoire akarudi Nakivale akamweleza Apolline yote, mpaka ya mkojo. Apolline akamwuliza kama sasa ataacha kazi. Akasema hajui kazi nyingine. Akasema pia kwamba kicheko kimekataa.

Mwaka mpya ulipoingia walipata kisima cha mwenye duka mmoja kule Kaberebere, nje ya kambi, kilichoachwa nusu na wachimbaji wengine. Asubuhi ya kwanza wote walikuwapo, hata Emery, mbavu zimeunga. Grégoire hakuwapeleka ukingoni. Aliwakalisha mbali, chini ya ukuta wa duka, na kabla ya sala akasema, "Leo kila mutu atasema namna anaogopa. Nitaanza miye. Niko naogopa hii fasi, hii shimo, ju mvua ilinyesha juzi. Na niko naogopa kusema hivi mbele yenu."

Ilikuwa aibu kweli kweli, watu wazima wamekaa kama watoto wa shule ya Jumapili. Laurent alikohoa. Akasema anaogopa kamba, tangu siku ile akishika kamba mikono inalowa jasho. Ndayambaje akasema yeye anaogopa kuachia gogo, anaota ameliachia. Gisèle alisema anaogopa kila siku, alidhani wanajua.

Wakamgeukia Emery. Alikuwa amesimama, amekwisha kuvua shati, kitanzi begani. Akatabasamu lile tabasamu lake la kutaka kila mtu afurahi.

"Miye siogope," alisema. "Miye niko muzuri. Kuraji mingi, moyo ya nguvu. Nishusheni, tufanye kazi."

Grégoire akainuka. Alikwenda akakitoa kitanzi begani kwa kijana, taratibu, akaanza kuikunja kamba.

"Leo hushuki," akamwambia.

"Ju ya nini? Papa Eliane, nilisema siogope!"

"Nimesikia."

"Miye njo nashukaka! Siku zote ni miye!" Emery akaipokonya kamba, wakavutana, mwenye duka akatoka kutazama kelele ni za nini. Emery alisema mengi pale, mengine mabaya, mengine kuhusu mkojo, na Grégoire aliyapokea yote bila kuiachia kamba. Halafu Emery akaiachia kamba. Akakaa mavumbini, akafunika uso, na kilio kilichomtoka kilikuwa kile ambacho kilipaswa kumtoka Makenke, alipokuwa anambembeleza mtu mwingine.

Gisèle akaja akakaa upande mmoja, Grégoire akakaa upande wa pili, na wale wawili wakasogea. Mwenye duka akauliza kazi inaanza saa ngapi. Laurent akamjibu kwa adabu kwamba leo hapana, leo wana mgonjwa, wataanza akipata nafuu.